Chumba cha Kunyonyeshea Kando ya Karakana

Fungeni nywele. Kabla sijasema jina langu, kabla sijawauliza mmetoka wapi na mmelalaje, fungeni nywele, na anayevaa ushungi auchomeke ndani ya ovaroli. Mashine ya kukerezea chuma haijui kwamba wewe ni mtoto wa watu.

Haya, sasa tusalimiane. Mimi ni Zaina Mhina. Nilifundisha karakana hapo chuoni penu Korogwe tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka juzijuzi nilipostaafu, nikiwa bibi mwenye magoti yanayolia. Wenzenu wa mwaka wa mwisho wamenijia nyumbani wakaniomba niwaandikie nyie wageni, hasa mabinti wa mitambo, umeme na maji. Wakasema, "Mwalimu, wewe una nafasi." Wanadhani mstaafu hana kazi. Nina mchicha wa kumwagilia na kuku wasionisikiliza, wabaya kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Lakini nimekubali, kwa sababu kuna mambo niliyoyaona hapo chuoni ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha nilichokishika.

Mimi nimezaliwa Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba alikuwa fundi wa korona. Msishtuke, siyo ule ugonjwa. Korona ni mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, na sisi watoto wa Ngombezi tulikuwa na jina hilo miaka mingi kabla dunia haijalisikia. Nilikuwa nikimpelekea baba uji kiwandani, nasimama mlangoni naiangalia ile mashine inavyonguruma, na nilijua tu kwamba nataka kuwa upande wa ndani.

Nikaingia. Na nilipoingia karakana ya chuo nilikuwa mwanamke peke yangu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hoza, mtu wa Kishambaa kutoka milimani, mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Wiki zangu za mwanzo, niliinama kwenye mashine nikiwa nimeacha ncha ya ushungi ikining'inia. Shafti, ule mhimili wa mashine unaozunguka, ikaikamata. Sikumbuki kupiga kelele. Nakumbuka kitambaa kikijizungusha, na shingo yangu ikivutwa taratibu kuelekea chuma kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Halafu jengo zima likanyamaza. Mzee Hoza alikuwa amekata umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani. Akaja bila kukimbia, akachukua mkasi wa kukatia bati, akakata ushungi, akaniinua.

"Zaina," akasema, "ushungi mwingine unao nyumbani?"

"Ninao, mzee."

"Na shingo nyingine?"

Basi. Hakusema zaidi, wala hakwenda kusema ofisini kwamba wanawake hawafai karakana, na wapo waliokuwa wakingoja sababu kama hiyo. Kesho yake alikuja na fundi cherehani kutoka sokoni, akaniambia nisimame nipimwe ovaroli. Ile niliyokuwa navaa ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mwanamume mwenye mabega ya kubeba magunia, na mimi nilikuwa nikikunja mikono yake mara nyingi mpaka inakuwa kama mikate. Buti nazo nilikuwa najaza matambara mbele ya vidole. Choo cha wanawake kilikuwa ng'ambo ya jiko. Ukibanwa, unavuka uwanja wa mpira mbele ya macho ya chuo kizima, na kila mtu anajua Zaina anakwenda wapi.

Mzee Hoza ndiye aliyenifundisha kudai. Aliniambia mashine ikikosa mafuta inapiga kelele, na hakuna anayeiambia inadeka. "Na wewe ukikosa kitu, sema." Nikasema. Choo cha karibu kilijengwa. Kilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka, lakini kilijengwa, na siku kilipofunguliwa nilikaa humo ndani nikiwa sina haja yoyote, nimekaa tu.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema nastaajabu. Nyie mnaingia leo mnakuta mambo yapo, mnadhani yaliota yenyewe. Mnakuta kozi ya awali kwa ajili ya wasichana waliotoka shule zisizo na maabara, mnapewa majuma ya kushika vifaa na kurudia fizikia kabla masomo yenyewe hayajaanza. Mnakuta kila binti mpya anapewa dada mlezi wa mwaka wa juu, wa kumuuliza hata yale anayoona aibu kumuuliza mwalimu. Mnakuta dawati la jinsia, mlango wake uko wazi, na anayekusumbua unajua pa kumpeleka. Mnakuta bweni jirani na madarasa. Wanawake wahandisi wanakuja na kofia zao ngumu, wanakaa nanyi, wanawaambia wapi pa kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo. Muhula wangu wa mwisho nilifungua mlango wa karakana asubuhi nikakuta mabinti wamejaa kwenye majiliwa ya kubania chuma, kila mmoja na tupa yake, wanasugua chuma huku wanapiga soga. Nilisimama mlangoni kama nilivyokuwa nikisimama Ngombezi na kopo la uji. 

Lakini kuna kitu kimoja hapo chuoni ambacho hakikuletwa na mradi wala na agizo la mtu wa juu. Ni kile chumba kidogo kando ya karakana, chenye pazia la kijani na kitanda cha mtoto cha chuma. Wengi wenu mmekipita mkadhani ni stoo. Kilikuwa stoo kweli. Nataka mjue kilivyogeuka.

Alikuwapo binti anaitwa Naisiae. Mmasai, wa huko nyikani Handeni, ambako mtu anatembea asubuhi nzima na punda kutafuta maji. Aliingia kwa kozi ya awali, ili asomee maji. Shule aliyotoka haikuwa na mwalimu wa fizikia. Walikuwa wakinakili maelezo ya wenzao wa shule nyingine. Siku ya kwanza nilimpa venia, kile kipimo cha kupimia unene wa chuma, akaishika kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ibane hapo, usiogope." Akapima msumari. Akapima kidole chake. Akapima hereni yake ya shanga. Wenzake walikwenda kula, yeye akabaki anapima kila kitu mezani. Nilipomwambia muda umekwisha akaniambia, "Mwalimu, kumbe vitu vyote vina namba."

Hesabu zilimtesa. Jaribio la kwanza alianguka vibaya. Dada mlezi wake alikuwa Fatuma wa Magoma, msichana Mzigua mwenye mdomo na moyo mkubwa, anasoma umeme. Fatuma hakumpa pole hata moja. Alimwambia, "Wewe unajua kuhesabu ng'ombe wanaotembea. Hizi namba zimekaa, hata haziendi popote. Njoo." Wakawa wanakaa pamoja kila jioni kwenye ngazi za bweni. Mwaka wa kwanza akapita. Likizo akaenda kwao akaolewa, ndivyo ilivyokuwa imepangwa kati ya wazazi, na mume mwenyewe alikuwa kijana mwelewa tu, hakumzuia kurudi. Mtoto akazaliwa. Chuo kilimpa nafasi ya kusimamisha masomo, kisha akarudi mwaka wa pili, mtoto amemwacha kwa mama mkwe, akiwa bado mchanga.

Hakumwambia mtu anavyojisikia. Ila nilimwona. Anakereza chuma, mara anasimama, anageukia ukutani, anabana mikono kifuani. Mimi nimelea, nilijua ni maziwa.

Sasa mchana mmoja, mitihani iko mlangoni, mlinzi wa geti akaja karakana. "Mwalimu, kuna bibi wa Kimasai getini, ana mtoto mgongoni. Anamtaka Naisiae."

Naisiae alikuwa kwenye mashine. Akazima. Akasubiri isimame kabisa. Akapangusa vipande vya chuma kwa brashi, siyo kwa mkono, kama nilivyomfundisha. Akarudisha vifaa mahali pake, kimoja kimoja. Ndipo akanigeukia.

"Wamekuja kunichukua," akasema.

Tulitoka naye karakana nzima, sijui nani alituambia tutoke. Getini alisimama mama mmoja mrefu, mkavu, nguo zake za bluu zimejaa vumbi la safari, mtoto analia mgongoni kwa sauti iliyokwisha kukauka. Watu wa kwao walikuwa wakimwita Koko, maana yake bibi, na sisi tukaja kumwita hivyohivyo. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa mkwewe.

Naisiae akainamisha kichwa, Koko akamwekea kiganja utosini, ndivyo wanavyosalimiana mkubwa na mdogo. Kisha Naisiae akauliza, kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie, "Nikafunge mzigo?"

"Mzigo wa nani?" Koko akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, kila neno linawekwa chini kwa uangalifu. "Mzigo ninao mimi. Mtoto amekataa maziwa ya ng'ombe, amekataa ya mbuzi. Ndugu wa baba yake wanasema mama yake arudi. Mimi nimesema hapana. Kama mama hawezi kwenda kwa mtoto, mtoto aende kwa mama." Akamfungua mtoto mgongoni. "Nimekuja kukaa."

Fatuma ndiye aliyeuliza. "Kukaa wapi, bibi?"

"Hapa. Kusoma sijui. Kulea najua. Yeye asome, mimi nilee. Kila mtu afanye kazi anayoiweza."

Naisiae alikuwa ameshakaa chini palepale kando ya kibanda cha mlinzi, mtoto kifuani. Mlinzi masikini aligeuka akaanza kukagua gari ambalo halikuwapo.

Wanangu, mimi nimeona mitambo mikubwa. Nimeona boila la tani nyingi likinyanyuliwa na kuwekwa mahali pake kama yai. Sijaona kitu kilichonitisha kwa uzuri kama yule mama pale getini, aliyetoka nyikani peke yake, akabadilisha magari pale Segera asipopajua, ili mke wa mwanawe asiache kusoma vitu ambavyo yeye mwenyewe hata majina yake hayajui.

Nikawachukua Koko na mtoto kwangu. Nyumba yangu ina vyumba, na watoto wangu wameshaondoka. Lakini kwangu ni mbali na chuo, na mtoto mchanga hafuati ratiba ya masomo. Koko alikuwa akija kwa miguu na mtoto saa nne, anakaa chini ya dirisha la karakana, kwenye kokoto, jua linawapiga. Naisiae anatoka ananyonyesha, amefunika kichwa cha mtoto kwa ovaroli. Mvua ikinyesha wanabanana chini ya upenu wa paa. Nikaenda kwa mkuu wa chuo.

Mkuu wetu wakati ule alikuwa mama mmoja, mhandisi wa ujenzi, mkali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu Mhina, bwenini hawaruhusiwi watoto. Na mimi siwezi kuvunja kanuni kwa mmoja."

"Sikuombi bweni. Nakuomba ile stoo iliyo kando ya karakana."

"Ile imejaa mabomba yenye kutu."

"Mabomba yanahamishika."

Akanitazama. "Na usalama? Mtoto karibu na mashine? Kikitokea kitu, nani atajibu?"

Swali lilikuwa la haki, nikamjibu kwa haki. Nikamwambia mlango wa kuingia karakana tutauziba kwa matofali, tutafungua mwingine upande wa nyuma, wa kwenye bomba la maji. Akasema nikifika hapo ataona. Hakusema ndiyo.

Tukaanza hivyohivyo. Wanafunzi wa ujenzi wakaziba mlango na kutoboa mwingine, wakahesabiwa kama zoezi la vitendo. Wavulana wakahamisha mabomba, na mmoja aliyekuwa akinung'unika Koko alimtwika mtoto amshikie kidogo, akanyamaza siku nzima. Fatuma na wenzake wakavuta waya, wakaweka taa na feni. Na darasa langu la kuchomelea likatengeneza kitanda. Nimesimamia kazi nyingi za kuchomelea, mageti, madirisha, vitoroli. Sijawahi kuona wanafunzi wakirudia kiungo bila kuambiwa. Wanachomelea, wanagonga, wanaangalia, wanasema hapana, wanasaga, wanaanza upya. Naisiae hakuruhusiwa kugusa. Walimwambia, "Wewe kasome."

Kilipokwisha, mkuu wa chuo akaja. Watu wakajipanga ukutani. Akaangalia mlango uliozibwa, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akaangalia nyaya. Halafu akakiendea kitanda, akainama, akapitisha kiganja chake taratibu kwenye vyuma vyote, juu na chini, kila pembe, mahali ambapo mkono wa mtoto ungeweza kufika. Akasimama kwenye kona moja, akarudisha kidole.

"Hapa bado pana ncha," akasema. "Leteni tupa."

Nikampa mimi mwenyewe. Akaipiga tupa ile kona, yeye mkuu, na saa yake ya dhahabu mkononi, mpaka ikalainika. Akapuliza vumbi la chuma, akapapasa tena, akanirudishia tupa yangu, akatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Baadaye akaandika utaratibu wa chumba chenyewe, nani anakitumia na kwa masharti gani, ndiyo maana mpaka leo kipo na binti yeyote mwenye mtoto ana haki nacho. Tangu hapo hakijawahi kukaa kitupu muhula mzima. Na mwaka huohuo Naisiae alifaulu mitihani yote, hata ile hesabu iliyokuwa ikimliza.

Sasa niwaambie ya safari ya Handeni, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niseme naweza kustaafu.

Mwisho wa mwaka ule, wanafunzi wa maji walipangiwa mafunzo kwa vitendo. Kijijini kwao Naisiae kulikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, na pampu yake ya umeme wa jua ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wamerudi kwenye punda na madimbwi. Naisiae aliomba kundi lake lipelekwe huko, chuo kikakubali, nami nikaenda kuwasimamia. Koko na mtoto wakapanda gari pamoja nasi.

Kuvuta pampu kutoka kisima kirefu si kazi ya nguvu peke yake. Pampu iko chini kabisa, imening'inia kwenye mabomba yaliyoungwa moja juu ya jingine. Unasimika miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, unavuta kwa winchi ya mnyororo, bomba moja likitokeza unabana la chini yake kwa klampu, kibano cha chuma chenye nati, pale mdomoni pa kisima, unafungua la juu, unaliweka kando, unashika linalofuata. Uzito wote ule, kwa dakika hizo, unashikwa na klampu tu. Ikiteleza, kila kitu kinatumbukia. Na kikitumbukia kisima kimekwenda, hakuna cha kurekebisha. Na kile kilikuwa kisima chao pekee.

Naisiae alikuwa kiongozi wa kundi. Kabla ya kuanza alisema ifungwe pia kamba nene kwenye bomba, ya akiba. Mwenzake mmoja akasema inachelewesha kazi. Naisiae akasema, "Icheleweshe." Wazee wa kijiji walikuwa wamekaa pembeni na fimbo zao, na vijana wa Kimasai wamesimama kwa mguu mmoja, wanaangalia. Walikuwa wakiongea wao kwa wao na kucheka kidogo. Sikuhitaji mkalimani.

Mabomba ya mwanzo yalitoka vizuri. Kisha yakaanza kutoka yaliyokuwa ndani ya maji, yamejaa utelezi wa kijani. Wakabana klampu, wakalegeza mnyororo ili washike upya. Nikaona bomba linashuka. Kidogo, kama mtu anayesinzia. Halafu likashuka tena.

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, ya Naisiae ilikuwa imeshatoka, kwa Kimasai, kali, fupi. Aliwaambia nini sijui mpaka leo, ila wale vijana waliacha fimbo zao zianguke wakaikamata kamba ya akiba. Akapiga kelele tena, na wazee wakainuka. Wazee wale! Watu ambao mkwe wa kike hapiti mbele yao bila kuinamisha kichwa. Walishika kamba, wakakita visigino vumbini, wakalala nyuma. Kamba ikakaza. Bomba likasimama.

Naisiae alikuwa ameshapiga magoti mdomoni pa kisima. Alivua kitambaa cha kichwani akafuta ule utelezi, akanyoosha mkono bila kuangalia, na mwenzake akampa kipande cha mpira wa tairi. Akakizungushia bomba, akarudisha klampu juu yake, akakaza nati upande huu, akakaza upande ule, kwa zamu, bila haraka. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho klampu inakaa shingo upande, nilikuwa nimeshawaambia hilo mara nyingi hata nilichoka kulisema. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, na sikuwa na la kuongeza. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.

"Legezeni pole pole," akasema. Akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kimasai. Wakalegeza. Klampu ikashika.

Hakuna aliyecheka tena siku ile. Tulitoa mabomba yote. Pampu ilikuwa imejaa tope na waya wake umeungua. Tukaweka nyingine tuliyoikarabati karakana, tukarudisha kila kitu chini, na mpira wa tairi kwenye kila mbano. Kesho yake, jua lilipopanda vizuri, Naisiae akawasha swichi.

Kwanza ulitoka upepo. Kisha sauti ya kukoroma, kisha maji ya rangi ya chai, yanaruka na kukatika. Watu wamesimama na ndoo, wazee wako mbele na vibuyu vyao, kwa kuwa maji ya kwanza ni ya wakubwa, ndiyo desturi. Maji yakaendelea, yakakosa rangi, yakawa meupe kabisa, yamenyooka, yanapiga zege kwa kishindo. Mkubwa wa wale wazee akasogea na kibuyu chake.

Mtoto akaanza kulia.

Koko akapenya katikati ya wazee, hakuomba njia, mtoto mkononi. Naisiae alikuwa amejaa grisi mpaka viwikoni, akanyoosha mikono ampokee.

"Nawa kwanza," Koko akasema. "Mtoto hanyonyi grisi."

Naisiae akamwangalia yule mzee mwenye kibuyu. Mzee akamwangalia Naisiae, kisha maji, kisha Koko. Akarudi nyuma hatua moja, na wengine nyuma yake wakarudi.

Fatuma hakuwapo kuona, nilimsimulia baadaye akalia. Mimi nilitoa sabuni mfukoni nikampa Naisiae. Naisiae akainama kwenye bomba akanawa mikono, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa sabuni, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwikoni, taratibu kama alivyokuwa akikaza zile nati. Maji meusi yalitiririka kwenye vumbi. Wazee wa kijiji, vibuyu mkononi, walisimama wakamngoja mhandisi wao amalize kunawa. Na kule mbali, kwenye miiba, ng'ombe walikuwa wameinua vichwa, wameanza kuja wenyewe bila kuswagwa na mtu.